Unataka kuhama jimbo hapa Marekani? Piga hizi hesabu kwanza ndo ufunge mizigo

Jamani kila mwaka ikifika mwezi wa nne wa tano hivi, watoto wanakaribia kufunga shule, magrupu yetu ya WhatsApp yanaanza swali lile lile, nataka kuhama, jimbo gani zuri? Na majibu ni yale yale, njoo Texas huku hawakati kodi ya jimbo, njoo Washington huku hela ipo, Minnesota usiende baridi itakumaliza. Wanaojibu sio waongo, kila mtu anajibu maisha yake. Ila yeye ni RN, nesi mwenye leseni kamili, na ana mwenza wanasaidiana bili, wewe ni CNA, msaidizi wa manesi, una watoto watatu na kesi yako ya uhamiaji bado iko mahakamani, kwahiyo jimbo lililomnyanyua yeye linaweza kukuangusha wewe. Mimi nimehama mara mbili, mara ya kwanza nilihama kwa stori za watu, mara ya pili nilikaa mezani na kalamu, na tofauti niliiona kwenye akaunti yangu ya benki. Ndo maana nataka nikuandikie kwa kirefu.

Tuanze na hili la kodi sababu ndo linalotupoteza wengi. Ni kweli kuna majimbo 9 ambayo hayakati kodi ya jimbo kwenye mshahara, nayo ni Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Sasa watu wakisikia hivyo wanaona hela imeokotwa. Sikiliza hesabu yangu mimi. Mwaka 2023 nilikuwa Minnesota napiga shifti ya usiku dola 22 kwa saa, kwa mwaka kazi ya saa 40 kwa wiki inakuja dola 45,760. Kodi ya jimbo Minnesota ilikuwa inanila kama dola 1,700 kwa mwaka. Nikahamia Houston kule Texas nikaikwepa hiyo 1,700, nikapata na apatimenti ya bei ya chini, nikaokoa dola 200 kila mwezi. Hapo nikaona nimeshinda. Kumbe kazi ile ile, kuamsha wazee, kuwageuza, kuwaogesha, Houston nikalipwa dola 16. Dola sita kwa saa ukizidisha kwa saa 2,080 za mwaka ni dola 12,480 zimeondoka. Bima ya gari nayo ikapanda dola 75 kwa mwezi. Jumlisha utoe, nilirudi nyuma zaidi ya dola 9,000 kwa mwaka, na hapo sijahesabu bili ya umeme ya mwezi wa saba ambayo niliishika mkononi nikaisoma mara mbili nikidhani ni ya jirani.

Kwahiyo kitu cha kwanza, chukua karatasi uigawe mara mbili, huku jimbo ulilopo huku unakotaka kwenda. Juu kabisa andika mshahara wa kazi yako wewe kwa saa, usiandike ya mtu mwingine, ingia kwenye matangazo ya kazi ya mji ule utafute kazi ya cheti chako, angalia kumi au kumi na tano uone wengi wanalipa ngapi. Chini yake weka renti, bima ya gari (piga simu uliza bei kwa zip code ya kule, wanakupa bure), umeme na gesi, daycare kama una mtoto mdogo, na kodi ZOTE. Nasema zote sababu hela ambayo hawajaichukua kwenye mshahara wanaichukua kwingine. Tennessee hawagusi mshahara ila kodi ya mauzo dukani inakaribia asilimia 10 sehemu nyingi. Texas ukinunua nyumba utakutana na property tax, kodi ya serikali anayolipa mwenye nyumba. Na upande wa pili kuna miji yenye kodi yake juu ya ile ya jimbo, Columbus Ohio mji unakata asilimia 2.5 na jimbo nalo linakata. Mimi sasa hivi niko hapo Columbus, nakatwa zote mbili jumla kama dola 1,800 kwa mwaka, lakini nalipwa dola 21 na renti naimudu, nabaki na hela nyingi kuliko nilipokuwa sikatwi kitu.

Angalia na kima cha chini cha mshahara cha jimbo hata kama wewe unalipwa juu yake, maana ndo kinachobeba mishahara mingine yote. Cha federal, yaani cha serikali kuu, ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, na Texas, Georgia na Tennessee ndo hicho hicho wanachotumia. Massachusetts ni 15, Washington mwaka 2025 kilikuwa 16.66. Ila na renti za huko nazo zinakimbia, usiangalie upande mmoja.

La pili ni cheti chako cha kazi, na hapa naomba usome taratibu. Marekani leseni nyingi ni za jimbo, ukivuka mpaka hazikufuati. Wewe RN au LPN (nesi wa ngazi ya chini ya RN) kuna ule mkataba wa majimbo wa leseni za manesi, ukiwa na leseni ya mkataba unaruhusiwa kufanya kazi majimbo mengine yaliyomo, Texas, Arizona, Georgia, Ohio yamo, lakini California, New York na Minnesota hayamo. Na ukihamia moja kwa moja kwenye jimbo lingine la mkataba una siku 60 za kuomba leseni ya kule. CNA hatumo kwenye huo mkataba, sisi kila jimbo lina rejista yake na inabidi uombe wakuingize. Sheria ya federal inataka mafunzo yasiyopungua saa 75 lakini California wanafundisha saa 160 na Maine 180, kwahiyo uliza kabla kama cheti chako kinapokelewa kilivyo au kuna kitu utaongeza. Mimi kilichonikwamisha ni jina. Cheti kilikuwa na majina mawili, kitambulisho kina matatu, social security wameunganisha la kati na la mwisho kama neno moja, na sisi watu wa kwetu tunajua majina ya baba na babu yanavyochanganywa. Nilikaa wiki sita nakula akiba nikisubiri kuonyesha kwamba hawa watu watatu ni mimi mmoja. Omba ukiwa bado uko kwako na mshahara unaingia, na kabla ya kuomba weka makaratasi yako yote mezani usome jina herufi kwa herufi.

Makaratasi ya uhamiaji sasa. Kama wewe sio raia, hata kama una green card, sheria inakutaka uwaarifu USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya ndani ya siku 10 tangu uhame, ni fomu AR-11, unajaza kwenye intaneti bila kulipa. Kama kesi yako iko mahakama ya uhamiaji hiyo ni fomu nyingine kabisa, EOIR-33, na muda ni siku 5 za kazi. Kujaza moja hakuijazi nyingine! Barua ya tarehe ya mahakama ikienda nyumba ya zamani na wewe usitokee, jaji anaweza kuamuru uondolewe nchini ukiwa hata hujui kama uliitwa. Alafu kubadilisha anwani hakuhamishi kesi yenyewe, kuihamishia mahakama nyingine ni maombi tofauti, na majaji hawafanani, mahakama na mahakama hazifanani. Nakuomba sana ndugu yangu, mwenye kesi asifunge hata boksi moja kabla hajaongea na wakili wake.

Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na food stamps (msaada wa chakula) nazo hazihami na wewe, unafunga huku unaomba upya kule, na masharti ya kule yanaweza kukukataa. Majimbo 40 yamepanua Medicaid hadi kwa watu wazima wa kipato kidogo, yaliyobaki hayajapanua, na Texas, Florida, Georgia na Tennessee yako humo kwenye yaliyobaki. Kama una mtu anatumia dawa kila siku au mjamzito nyumbani, hili liweke juu ya renti. Mwenye mtoto wa high school kuna jambo lingine, chuo cha serikali kinatoa ada ya mkazi, ile ya chini, kwa aliyekaa kwenye jimbo, na sehemu nyingi ni miezi 12 kamili. Ukihama mtoto yuko mwaka wa mwisho unaweza kujikuta sio mkazi wa kule wala wa huku, na masomo ya kumaliza shule nayo yanatofautiana jimbo kwa jimbo. Mimi ningevumilia huo mwaka mmoja.

Hali ya hewa sitaongea sana, baridi inazoeleka ukivaa vizuri, na joto la Houston na lenyewe lina gharama zake. Ila kila sehemu ina janga lake, Florida na pwani ya Texas ni vimbunga, Oklahoma ni tornado, na Februari 2021 Texas waliganda siku kadhaa bila umeme. Uliza bima inafunika nini.

Watu. Hili wengi tunaliweka mwisho na mimi ningeliweka pale pale na mshahara. Wakongo wanaoongea Kiswahili wapo wengi Louisville na Lexington Kentucky, wapo Grand Rapids, wapo Iowa. Wakenya utawakuta Brooklyn Park kule Minnesota, Lowell Massachusetts, Dallas. Sisi Wabongo tupo Houston, Columbus na maeneo ya Washington DC. Ila usihesabu vichwa tu, tafuta kama wana umoja unaofanya kazi, kuna michango ya msiba? Kuna kanisa lenye ibada ya Kiswahili au msikiti ambao watu wanajuana? Nasema hivi sababu mwezi wangu wa pili Houston nilipigiwa simu saa tisa usiku kwamba mzee wangu amefariki. Wabongo Houston wamejaa, lakini mimi nilikuwa sijajitambulisha kwa mtu, nimekaa na shifti zangu tu. Asubuhi nilienda duka la Waafrika kununua majani ya chai, yule mama wa dukani akaniangalia akauliza, baba una nini? Nikamwambia. Alifunga duka saa nane mchana akaja kwangu na chupa mbili za chai na watu wanne ambao sikuwahi kuwaona, wakatandika mkeka wakakaa na mimi mpaka usiku. Hao watu hadi leo nawapigia. Kwahiyo ukishachagua mji, kabla hujahamia, tafuta kiongozi wa umoja wa kule umpigie ujitambulishe, sema jina lako na ulikotoka nyumbani.

Na fikiria simu za nyumbani. Mimi Columbus kipindi cha joto nikitoka shifti saa tano usiku Tanzania ni saa kumi na mbili asubuhi, mama ndo anainjika chai, tunaongea. Mwenzangu wa Seattle akitoka saa hiyo hiyo kwao ni saa tatu, mama yake keshaenda sokoni. Na nauli pia, walio karibu na New York wana ile ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja mpaka Nairobi tangu Oktoba 2018, wengine tunaunganisha.

Ukibakiwa na mji mmoja au miwili, nenda ukakae siku nne tano, na uende kwenye msimu mbaya, sio ule wa picha. Panda gari saa kumi na mbili asubuhi uendeshe kutoka kwenye apatimenti unayoitaka mpaka sehemu ya kazi uone foleni. Rudi saa nne usiku usimame kwenye parking ya hapo dakika kumi usikilize. Ingia supermarket ujaze kapu la wiki kama unavyojaza kwako, mchele, mafuta, kuku, maziwa ya mtoto, uone kaunta wanasema ngapi. Apatimenti nyingi zinataka kipato mara tatu ya renti, kwahiyo tembea na barua ya ofa ya kazi. Na usitume dipoziti kwa Zelle, ile njia ya kutuma hela kwa simu, kwa mtu ambaye hujaingia ndani ya nyumba yake, picha nzuri kwenye intaneti zimeliza watu wengi.

Lori la kukodi bei yake inategemea upande wanaokimbilia watu, kutoka California kwenda Texas inazidi kurudi kwa mbali, linganisha bei na kuuza fanicha ukanunue nyingine kule. Ukifika usichelewe kubadilisha leseni ya udereva, California wanakupa siku 10, Georgia na Florida 30, Texas 90. Georgia wanakutoza na asilimia 3 ya thamani ya gari lako, iweke kwenye bajeti. Na mwaka uliohama utajaza kodi za majimbo mawili kama yote yanakata, tunza stabu za mishahara ya kote.

Boksi moja usilipandishe kwenye lori, liweke kwenye gari unaloendesha, weka passport na vyeti vya kuzaliwa, dawa, chaja, shuka, sufuria moja, kilo mbili za mchele na chumvi. Lori linaweza kuchelewa siku mbili, na watoto wataamka asubuhi wanauliza chakula.