Kabla vuli haijaanza: kuikinga bunduki na kutu katika nyumba ya kando ya ziwa

Mwaka wa kwanza nilipopata kibali cha kumiliki shotigani, niliitunza kwa namna niliyodhani ndiyo sahihi. Niliifuta, nikaivisha mfuko wake wa turubai, nikaifungia kwenye kabati la chuma chumbani. Kabati nililisogeza hadi likagusa ukuta wa nyuma, na ukuta huo umejengwa ukibanana na jiwe, kwa sababu nyumba yetu ipo mlimani Bwiru, Mwanza, na huku ukitaka kujenga lazima uelewane na mawe. Hiyo ilikuwa Septemba. Nilipofungua katikati ya Desemba nilikuta juu ya mtutu alama nne za rangi ya machungwa zimepangana, na ya tano upande wa pili. Nikaweka mkono wangu hapo, kila kidole kikakaa mahali pake. Ni mimi niliyeishika mara ya mwisho, mkono una jasho, na chumvi ya jasho hilo ilikuwa imefanya kazi gizani miezi mitatu.

Tangu hapo kila mwaka nakagua mwanzoni mwa Septemba. Mvua zetu huanza Oktoba, hulegea kidogo Januari na Februari, kisha huendelea hadi Mei. Ukisubiri hadi ardhi imeshalowa, unakuwa unakausha nyumba ambayo haitaki kukauka.

Anza na chumba. Wengi wetu tukisikia kutu tunakimbilia dukani kununua mafuta, na mafuta yana kazi yake, lakini bunduki iliyopakwa vizuri ikiwekwa mahali pabaya itashika kutu tu, itachelewa kidogo. Chuma huliwa pale maji na oksijeni vinapokutana juu yake, na maji hayo si lazima uyaone. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, utando mwembamba wa maji hujikusanya juu ya chuma na kutu hushika kasi. Halafu kuna umande. Hewa yenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80 inaanza kuacha matone ikigusa kitu chenye nyuzi 21. Fikiria alfajiri ya Mwanza baada ya radi na mvua ya usiku kutoka ziwani: ukuta uliogusana na mwamba umepoa, kabati lililoegemea ukuta limepoa nalo, bunduki ndani yake vilevile. Asubuhi unafungua madirisha, hewa ya joto ya ziwa inaingia, na kitu cha kwanza cha baridi inachokikuta ndicho kinacholowa. Hatuna chumvi ya bahari kama wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga, ziwa letu ni maji baridi, na hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini unyevu peke yake unatosha kuharibu.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Kata kipande cha nailoni safi, kama nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni pale unapotaka kabati likae, kingo zote nne uzizibe kwa utepe wa gundi. Kiache siku mbili, kisha angalia. Matone yakiwa chini ya nailoni, maji yanapanda kutoka ardhini kupitia saruji. Yakiwa juu yake, hewa ya chumba ndiyo yenye shida. Fanya hivyohivyo ukutani. Kwangu ukuta wa jiwe ulitoa matone chini ya nailoni usiku wa kwanza tu, wakati ukuta wa ndani, unaotenganisha chumba na sebule, ulibaki mkavu. Kabati likahama siku hiyohiyo.

Ukishapata ukuta mkavu, usiligandishe kabati hapo. Acha nafasi ya vidole vinne nyuma yake hewa ipite, na uliinue kwenye vipande vya mbao. Kabati linalokaa sakafuni moja kwa moja huanza kuoza miguuni kila nyumba inapodekiwa. Sheria inataka silaha ihifadhiwe mahali salama, kwa hiyo kama kabati lilikuwa limefungwa ukutani kwa boliti, lifungwe tena huko linakohamia, na vipande vya mbao vya kuliweka mbali na ukuta. Angalia na juu: chumba kisicho na dari chini ya bati hudondosha matone ya alfajiri hata siku isiyo na mvua. Na wakati wa masika, nguo zisikaushiwe chumba hicho.

Nunua kipimo kidogo cha unyevu, kile cha betri, ukiweke ndani ya kabati. Vingi vya bei ndogo hudanganya, kwa hiyo kijaribu kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, itie maji kidogo tu iwe kama uji mzito, iweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Baada ya usiku mzima hewa ya ndani ya mfuko itakuwa na unyevu wa asilimia 75. Kikisoma 70, ujue kinapunguza 5, na uongeze kila unaposoma. Ndani ya kabati lenga kati ya asilimia 40 na 50. Ukishuka sana chini ya hapo kitako cha mbao kinaweza kupasuka.

Kufika hapo kunahitaji silika jeli, zile punje zinazokaa kwenye vipakiti ndani ya maboksi ya viatu. Vipakiti viwili vya viatu havitoshi kabati; tafuta punje za kutosha, nusu kilo hivi, uziweke kwenye kopo lenye matundu. Punje zikishashiba maji hazifanyi tena kazi, na hapo ndipo watu wengi hukosea, wanaziacha mwaka mzima wakiamini zinalinda. Zile za rangi hujitangaza: za machungwa hugeuka kijani. Zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa kadhaa, kisha zirudi kazini. Mchele na makaa yasikupotezee muda. Vile vikopo vyenye chumvi inayoyeyuka ikivuta maji usiviweke ndani ya kabati hata kidogo, kwa sababu maji yake yakimwagika yanakula chuma kuliko mvua yenyewe.

Ule mfuko wa turubai ni wa kusafiria. Turubai, ngozi, sponji na kadibodi vyote hushika unyevu na kuubana kwenye chuma. Ndani ya kabati bunduki isimame bila nguo.

Sasa bunduki yenyewe. Kabla ya kitambaa na mafuta, ihakiki: ifungue, toa risasi, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza kidole. Risasi zote zitoke chumba hicho kabla hujaanza. Mimi hufanya hivyo hata nikijua niliiacha tupu, kwa sababu kuna watoto nyumbani na sitaki kutegemea kumbukumbu yangu.

Pitisha burashi ya shaba ndani ya mtutu, kisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke cheupe, halafu kimoja chenye mafuta. Mafuta ya bunduki yakikosekana, mafuta mepesi ya cherehani yanafaa. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi, na oili chafu ya gari ina asidi. WD-40, ile ya kupuliza, inafukuza maji vizuri bunduki ikinyeshewa, ila hukauka mapema, kwa hiyo ipangushe na upake mafuta halisi. Kwa nje, tone tatu nne kwenye kipande cha kanga kuukuu zinatosha. Mzee mmoja jirani yangu, askari wa wanyamapori mstaafu, aliniona nikimiminia akaniambia, "Mwanangu, unaipaka, huikaangi." Mafuta yakizidi hushuka hadi kwenye kitako na kuilegeza mbao, ndiyo maana ni vizuri kuisimamisha mdomo wa mtutu ukiwa chini, juu ya kitambaa.

Tafuta sehemu zisizoonekana: chini ya mbao ya mbele, vichwa vya skrubu, kwenye bawaba, pete za mkanda, nyuma ya kifyatulio. Kutu huanza huko wakati mtutu bado unang'aa. Mwenye gobore ana haraka zaidi, maana masalia ya baruti nyeusi huvuta maji hewani. Lisafishwe kwa maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, likaushwe kabisa, ndipo lipakwe. Ukimaliza, usiishike tena chuma kwa mkono mtupu. Irudishe kabatini ukiwa na kile kitambaa cha mafuta mkononi.

Ukikuta vumbi la machungwa, weka mafuta, subiri nusu saa, sugua taratibu kwa sufi ya chuma laini kabisa ya namba 0000. Stilwaya ya jikoni itakwangua rangi yote nyeusi. Alama za vidole vyangu zilitoka, lakini kivuli cha kimoja bado kipo. Vikiwepo vishimo ndani ya mtutu au chemba, usifyatue. Ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye leseni.

Risasi zifungiwe peke yake, pakavu, na zisipakwe mafuta, kwani yakipenya kwenye fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, zinakufa. Iliyovimba usiilazimishe kuingia.

Katika miezi ya mvua fungua kabati kila baada ya wiki mbili, usome kipimo, upangushe. Kiangazi mara moja kwa mwezi inatosha. Na siku utakayoitoa kwa kazi, pitisha kwanza kitambaa kikavu ndani ya mtutu na chemba, utoe mafuta yote, na utazame kama hakuna kitambaa kilichobaki ndani.