Jino likitoka, uvimbe ukipanda: la kufanya kabla ya kumfikia daktari wa meno

Mama mmoja aliingia kwenye chumba changu cha matibabu akimvuta mwanawe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika karatasi ya shashi iliyokunjwa kwa uangalifu. Ndani yake mlikuwa na jino la mbele la mtoto, linang'aa. "Nimelisugua kwa mswaki na sabuni, daktari," aliniambia, "nisikuletee uchafu."

Mtoto alikuwa na miaka 9, kwa hiyo jino lile lilikuwa la ukubwani. Mzizi wa jino umefunikwa na utando mwembamba wa chembe hai, na utando huo ndio unaolishikiza jino kwenye mfupa wa taya. Nililigeuza chini ya taa: mzizi mweupe, mkavu, hauna hata uzi mmoja wa nyama. Mama yule alifanya kila alichokijua, na alikifanya kwa upendo. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Ndiyo maana naandika haya.

Nimekuwa daktari wa meno kwa miaka 16, na jambo ninalotamani kila mtu alijue ni hili: kinywani, maumivu si kipimo cha hatari. Watu hunijia mbio usiku kwa jino linalouma lakini lingeweza kusubiri asubuhi, na hukaa nyumbani siku tatu na uvimbe usiouma sana ambao unaweza kuwaua.

Jino lililong'oka kwa ajali

Kwanza mtazame mtu, jino baadaye. Kama alizimia, anatapika, amechanganyikiwa au ana usingizi usio wa kawaida, mpeleke hospitali, kichwa kinatangulia. Kama jino halionekani popote na mtu anakohoa au anapumua kwa mluzi, huenda limeingia kwenye njia ya hewa. Naye aende hospitali, apigwe eksirei.

Mtu akiwa sawa, liokote jino kwa kichwa chake, yaani ile sehemu nyeupe tunayoiona mtu akicheka. Mzizi usiguswe. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa maziwa, au kwa maji safi kwa sekunde 10 hivi, basi. Usilisugue wala kulifuta. Kisha lirudishe pale pale lilipotoka. Najua watu huogopa hapa, lakini tundu bado ni laini na jino huingia kwa urahisi kuliko unavyodhani. Upande wenye kishimo hutazama ulimi. Lilinganishe na jino jirani, sukuma taratibu kwa kidole mpaka likae kimo kimoja na mwenzake, halafu mwambie aume kitambaa safi njia nzima mpaka kwa daktari.

Usipoweza, litie kwenye maziwa baridi. Maziwa hayapo? Mwambie ateme mate kwenye kikombe, jino likae humo. Mtu mzima mwenye fahamu zake anaweza kulihifadhi shavuni. Mtoto mdogo asijaribu, atalimeza. Usilitumbukize kwenye maji likakaa, kwa sababu chembe za ule utando hunyonya maji, zikavimba na kupasuka. Karatasi ya shashi ni mbaya zaidi, maana hulikausha. Ukifika ndani ya nusu saa, tuna matumaini makubwa. Jino likikaa kavu kwa saa nzima, chembe nyingi huwa zimekufa. Hata hivyo lilete, kwani jino lisilo na maisha marefu bado linaweza kumtunzia mtoto mfupa na nafasi kwa miaka kadhaa.

Jino la utotoni halirudishwi kamwe. Chini yake kuna jino la ukubwani linalokua, na ukilisukuma la juu unaweza kuliumiza la chini. Meno ya mbele hubadilika kati ya miaka 6 na 8 hivi, kwa hiyo katika umri huo mzazi anaweza kukosa uhakika. Ukikosa, lilete kwenye maziwa bila kulirudisha, sisi tutalitambua.

Uvimbe

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu hupotea.

Bwana mmoja aliteswa na gego la chini wiki nzima, kisha maumivu yakakatika ghafla. Alishukuru Mungu, akaahirisha safari ya kuja. Kumbe neva ya jino ilikuwa imekufa, na wadudu wa ugonjwa wameshuka kwenye mfupa kimyakimya. Alipofika kwangu alikuwa ameshika kikombe cha kutemea mate, kwa sababu hakuweza kuyameza. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeweka kitu cha moto mdomoni. Niligusa chini ya kidevu chake: pagumu kama ubao, pande zote mbili. Sikugusa jino. Niliita gari la wagonjwa, na hospitalini walishughulikia njia ya hewa kabla ya jambo lingine lolote. Alipona. Ludwig, daktari Mjerumani, aliueleza uvimbe wa aina hii mwaka 1836, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo ukiona uvimbe, pima hivi. Mwambie mgonjwa afungue mdomo: kwa kawaida vidole vyake vitatu vilivyopangwa juu kwa chini huingia katikati ya meno. Visipoingia hata viwili, hiyo ni dalili mbaya. Mwambie ameze mate. Mwambie ainue ulimi, uangalie kama sakafu ya kinywa imepanda. Bonyeza chini ya taya kuona kama pamekuwa pagumu. Tazama kama jicho limeanza kuzibwa na uvimbe, na kama ana homa ya nyuzi 38 au zaidi. Anayeshindwa kumeza, anayepumua kwa shida, ambaye ulimi wake umeinuliwa au jicho lake linafunga, aende hospitali yenye huduma ya dharura sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku. Asisubiri kliniki ya meno ifunguliwe.

Jipu dogo kwenye fizi, bila dalili hizo, linataka daktari ndani ya siku moja. Usilitoboe kwa sindano. Na vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini viache: vinaweza kutuliza uvimbe kwa siku chache, lakini chanzo kiko ndani ya jino, ambako dawa haifiki vizuri. Lazima usaha utolewe, na mzizi usafishwe au jino ling'olewe.

Maumivu ya usiku

Jino linalopwita ukilala ni jino ambalo neva yake imewaka. Inua kichwa kwa mito miwili, weka kitambaa baridi shavuni, sukutua kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 ndani ya saa 24. Ibuprofeni husaidia zaidi kwa jino, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu aulize kwanza. Tafadhali usiweke aspirini kwenye fizi. Nimeona fizi zilizoungua zikawa nyeupe na kuchubuka, na jino linauma vile vile. Watoto wasipewe aspirini kabisa.

Damu baada ya kung'oa

Kunja pamba au kitambaa safi kikiwa na unyevu kidogo, kiweke juu ya tundu lenyewe, uma kwa nguvu dakika 30 bila kuchungulia. Kila ukichungulia unaanza upya. Keti wima. Usiteme mate mara kwa mara, usisukutue siku hiyo, usitumie mrija wala sigara, kwani vyote huvuta bonge la damu litoke. Ukirudia mara mbili na damu bado inajaa mdomo, njoo au nenda hospitali. Maumivu makali yanayoanza siku ya pili mpaka ya nne huwa ni tundu lililokauka. Si hatari, lakini tunaliwekea dawa na nafuu huja mapema.

Jino lililovunjika: lete kipande, mara nyingi tunaweza kukigandisha. Ukiona nukta nyekundu katikati ya palipovunjika, neva iko wazi, njoo siku hiyo hiyo. Meno yasipokutana kama zamani baada ya pigo, au mdomo wa chini ukifa ganzi, taya huenda limevunjika. Hilo ni la hospitali.

Ukipiga simu ukiwa njiani, anza na saa ya ajali, kisha jino liko ndani ya nini, kisha umri wa mgonjwa na dawa anazotumia. Mengine nitakuuliza mwenyewe, huku nikiandaa vifaa.