Namna ya kuirudia Twin Peaks kwa masikio

Nina kaseti moja ya dakika 90. Upande A una muziki wa kufungulia Twin Peaks, tamthilia ya televisheni ya Marekani, pamoja na kikohozi. Kikohozi hicho ni cha mwenzangu wa chumbani, kijana wa Kisumu, aliyeugua mafua Aprili nzima ya 1990. Tulikuwa wanafunzi Tacoma, jimbo la Washington. Pesa ya albamu hatukuwa nayo, na albamu yenyewe haikutoka mpaka Septemba. Basi kila Alhamisi saa tatu usiku niliiweka redio kaseti yangu mbele ya televisheni ya sebule ya bweni, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuwaashiria watu wanyamaze. Wamarekani walinyamaza. Mkenya alikohoa.

Mwaka jana binti yangu, aliyezaliwa hukuhuku na kukulia Kent, mji wa jimbo hilohilo, aliniomba nimwonyeshe "ile sinema yako ya bundi". Nikakaa nikapanga namna ya kuirudia, nikakosea mara mbili tatu, mpaka nikapata njia inayofaa. Ndiyo hii naiandika, kwa wale walioiona zamani na kwa wale wanaotaka kuanza. Jina la muuaji silitaji. Ukilitaka, si kwangu.

Kwa asiyeijua kabisa: David Lynch na Mark Frost walibuni mji mdogo wa wapasua mbao kaskazini-magharibi mwa Marekani. Asubuhi moja mzee anayekwenda kuvua samaki anakuta maiti ya msichana ufukweni, imeviringishwa kwenye nailoni. Ni Laura Palmer, mwanafunzi aliyependwa na kila mtu. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wanamtuma Dale Cooper, mpelelezi nadhifu anayependa kahawa nyeusi na kuzungumza na kinasa sauti chake. Kipindi cha kwanza kilirushwa na ABC, kituo cha televisheni cha Marekani, tarehe 8 Aprili 1990, na kwa wiki kadhaa kila mtu bwenini alikuwa na mshukiwa wake.

Usiku wa kwanza usiwashe televisheni

Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni. Nilimkalisha binti mbele ya skrini kubwa saa kumi jioni, mapazia wazi, simu yake mkononi. Dakika ya kumi akaniuliza mbona wanakwenda polepole hivi. Alikuwa na haki. Ukiitazama tamthilia hii kama unavyotazama ya siku hizi, inachelewa.

Kwa hiyo anza na albamu. Ina nyimbo 11, na tatu kati yake zimeimbwa na Julee Cruise, kwa sauti nyembamba kama ya mtu anayeimba chumba cha pili huku mlango umerudishwa. Zima taa, tumia spika nzuri au hedifoni, na sikiliza kwa mpangilio wake bila kuruka. Wimbo wa kwanza ndio wa kufungulia tamthilia: noti chache za gitaa zito, kila moja ikiachwa ining'inie kabla ya nyingine kuja. Wimbo wa mwisho, "Falling", ni tuni ileile, safari hii ikiwa na maneno. Maneno ni ya Lynch, muziki ni wa Angelo Badalamenti, mzaliwa wa Brooklyn.

Mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa na taarab ya redioni. Wapigaji wa taarab hawana haraka: ala zinatangulia, msikilizaji anajiweka sawa kitini, ndipo mwimbaji anafungua mdomo. Nilipousikia muziki huu bwenini sikuuona mgeni. Waliokuwa wakilalamika kwamba mbona hakuna kinachotokea walikuwa wale waliozoea ngoma ianze mara moja.

Wimbo wa pili, wa Laura Palmer, usikilize mara mbili. Badalamenti alisimulia zaidi ya mara moja jinsi walivyoutunga. Yeye alikaa kwenye kinanda cha umeme cha Fender Rhodes, Lynch akakaa ubavuni pake na kuanza kumsimulia: tuko msituni, giza, upepo mdogo, bundi kwa mbali. Badalamenti akapiga kile alichosikia, noti nzito za chini zinazojirudia. Lynch akamwambia apige polepole zaidi. Kisha akamwambia kwamba kuna msichana anatoka nyuma ya mti, mzuri, mpweke, ana shida, anakuja upande wako. Hapo muziki unaanza kupanda. Unapanda mpaka kileleni, unapasuka, halafu unashuka pole pole kurudi gizani ulikotoka. Lynch alimkumbatia na kumwomba asibadilishe hata noti moja.

Mara ya pili, sikiliza ukiwa na hadithi hiyo kichwani. Utajua hasa msichana anatokea wapi. Binti yangu aliinua kidole sekunde ileile niliyoitarajia, na sikuwa nimemwambia chochote zaidi ya hayo.

Vipindi vyenyewe

Sasa washa. Kitufe cha kuruka utangulizi kisahau kabisa. Ficha rimoti ikibidi. Utangulizi una ndege mdogo juu ya tawi, mabomba ya kiwanda yakitoa moshi, mashine ya kunoa misumeno ikirusha cheche, kisha maporomoko ya maji. Watu wanausahau ule msumeno. Ule ndio kazi ya mji, na muziki laini vile juu ya meno ya chuma ndiyo tamthilia nzima kwa ufupi.

Kahawa ni lazima. Kwenye tamthilia wanakula na pai ya cheri. Mimi napika kahawa chungu na kuweka kashata za nazi, na sijawahi kusikia malalamiko.

Angalia unaanza na toleo gani. Kipindi cha kwanza cha kweli kina saa moja na nusu hivi. Lipo toleo jingine, lililotengenezwa kwa soko la video la Ulaya, linalokaribia saa mbili na kumaliza kesi palepale mwishoni ili liuzwe kama filamu kamili. Ukipata hilo umeharibu. Tena jihadhari na namba: orodha nyingine zinakihesabu kipindi cha kwanza, nyingine hazikihesabu, kwa hiyo mkiongea na mwenzako kuhusu "kipindi cha saba" huenda mnaongelea viwili tofauti.

Tazama kimoja kwa wiki, usiku, siku ileile kila wiki. Sisi tulichagua Alhamisi kwa heshima ya 1990. Najua ni vigumu. Lakini muziki huu unafanya kazi yake Jumatatu ukiwa kwenye basi, ukiwa huna kipindi kingine cha kuufuta.

Masikio yafanye nini? Kwanza yafuate vitu visivyo muziki. Nyumbani kwa akina Palmer kuna feni ya dari juu ya ngazi, inavuma. Kuna taa ya barabarani inayoning'inia na kuyumba usiku. Kuna upepo kwenye misonobari, picha tupu, hakuna mtu. Baada ya wiki mbili feni ile itakutisha kuliko bastola. Kwetu Tanga sauti ya feni ni sauti ya usingizi wa mchana. Sikudhani iko siku nitaiogopa.

Halafu angalia muziki unavyotumika mahali usipoutarajia. Tuni ni chache, zinarudishwa tena na tena. Ile ya vidole vinavyoalishwa na brashi juu ya ngoma, ambayo msichana Audrey anaichezea peke yake mgahawani, inaweza kuja wakati wa mzaha au wakati mtu anapanga ubaya. Ile ya Laura inaweza kulia juu ya watu wanaolia kweli, au juu ya penzi la kitoto linalokaribia kukuchekesha. Ndiyo maana hujui ucheke au ulie. Binti yangu alianza daftari la kuandika tuni gani imeingia wapi, akaliacha kipindi cha tano. Mimi bado ninalo.

Zoezi la chumba chekundu

Katika kipindi cha tatu, ukihesabu na kile cha kwanza, Cooper anaota ndoto: chumba chenye mapazia mekundu, sakafu yenye michirizi, na mtu mfupi anayezungumza kwa namna ambayo si ya binadamu. Siri yake ni kwamba waigizaji walijifunza kuyasema maneno kinyumenyume, wakarekodiwa, halafu rekodi ikageuzwa. Unaelewa maneno lakini mdomo haukubaliani nayo.

Jaribuni nyumbani, mtaelewa zaidi kuliko maelezo yangu. Pakua programu ya bure kama Audacity. Rekodi neno moja, ligeuze, lisikilize mpaka uweze kuliiga, rekodi huo mwigo, ugeuze tena. Kiswahili kinafaa sana kwa sababu kinatamkwa kama kilivyoandikwa. Sisi tulichagua "karibu". Kinyume chake ni "ubirak". Binti yangu, ambaye ulimi wake ni wa Kimarekani, alisema "ubirak" bila taabu, na rekodi ilipogeuzwa tukasikia "karibu" ya kutisha, kama mtu anakukaribisha akiwa chini ya maji. Ilipofika zamu yangu, mdomo wa Tanga ukakataa kuishia kwenye konsonanti. Nikasema "ubiraku". Kompyuta ikatoa "ukaribu". Tulirudia mara sita, mara sita "ukaribu". Aliihifadhi na kuifanya mlio wa simu yangu.

Wapi pa kuvumilia

Msimu wa kwanza ni vipindi vinane, usiguse kitu. Wa pili ni 22, na hapo lazima nikuambie ukweli. ABC waliihamishia Jumamosi saa nne usiku, saa ambayo mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye mkahawa mmoja. Nilitegemea mkanda wa video wa jirani wa bweni, aliyekuwa akisahau kuubadilisha. Muuaji anajulikana Novemba 1990, katika kipindi cha kutisha kuliko vyote, kinachomalizikia ukumbini, Julee Cruise akiimba taratibu na watu wakilia bila kujua wanalilia nini. Hiki kimoja kitazame mchana, ukiwa na mtu.

Baada ya hapo hadithi inapoteza dira kwa vipindi kadhaa. Yumo kijana wa pikipiki anayekwenda kujitafutia balaa kwa mke wa tajiri, yumo tajiri mwingine anayejiona jenerali wa vita. Piga pasi nguo zako huku ukisikiliza. Usiache, maana kipindi cha mwisho, cha Juni 1991, kiliongozwa na Lynch mwenyewe, na ndani yake Jimmy Scott anaimba katika chumba chekundu kwa sauti ambayo huwezi kusema ni ya mzee au ya mtoto.

Filamu ya 1992, ingawa inasimulia siku za Laura kabla ya kifo chake, itazame baada ya vipindi vyote 30. Ukitanguliza filamu, fumbo limekwisha.

Tamthilia iliyorudi 2017, sehemu 18, ni kitu kingine. Nilikasirika saa mbili za mwanzo: muziki uko wapi? Uliadimishwa makusudi. Tuni za zamani zinakuja mara chache, na zinapokuja unakuta umezingoja kama mshahara. Julee Cruise anarudi katika sehemu ya 17. Yeye alifariki Juni 2022, Badalamenti akamfuata Desemba mwaka huohuo, na Lynch Januari 2025. Mimi nilipofika pale nilisimamisha, nikaenda kuongeza kahawa ambayo sikuihitaji.

Ukiweza kufika

Waliomo jimbo la Washington hawana sababu ya kutokwenda. Maporomoko ni ya Snoqualmie, mita 82, chini ya saa moja kwa gari kutoka Seattle. Hoteli iliyo juu yake ndiyo inayoonekana kwa nje katika tamthilia, na leo ni mali ya kabila la Wasnoqualmie, ambao kwao mahali pale ni patakatifu tangu zamani. Tembea kwa adabu. Mkahawa wa pai uko North Bend, mji wa jirani. Uliungua mwaka 2000, na mwaka 2015 ndani yake pakarudishwa kama palivyokuwa. Pai ni ya wastani. Kahawa unaletewa tena kabla hujaomba.

Sikiliza muziki ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kabla ya kushuka kwenye maegesho, kwa sababu ukishatoka maji yanaumeza. Gari langu halina sehemu ya kaseti. Binti aliipakata ile redio kaseti ya zamani, betri mpya, akabonyeza. Gitaa, kinanda, halafu pale tuni inapofunguka, kikohozi.

"Huyo ni nani, baba?"

Nikampigia. Sasa yuko Nakuru, na kwao ilikuwa inakaribia saa saba usiku. Alipokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, nikamwekea simu karibu na spika bila kusema neno. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama muuaji alipatikana, maana yeye aliitwa nyumbani Oktoba 1990, wiki chache kabla hajajulikana, na tangu hapo hakuna aliyemwambia.

Nikamwambia atafute albamu kwanza, azime taa.