Somo: Kupunguza uzito wa gari la zamani kwa mbio za uwanjani

Wakuu, somo hili ni kwa mwenye gari dogo la miaka ya 80 au 90 anayetaka kuliingiza kwenye mbio za ridhaa. Lengo linalofikika ni kilo 100 baada ya hesabu zote, maana utatoa kama kilo 140 halafu keji ya mabomba (fremu ya chuma inayomlinda dereva gari likipinduka) ikurudishie 35 au 40. Gari la kilo 1,100 lenye nguvu farasi 100 likishuka hadi kilo 1,000, kila farasi anavuta kilo 10 badala ya 11. Ni sawa na kuongeza farasi 10 bila kufungua injini, ila farasi wa injini hawakusaidii kwenye breki wala kwenye kona. Kilo zilizotoka zinasaidia kote, na tairi na pedi zinakaa zaidi.

Kila kilichomo ndani ya gari kiliwekwa kwa kazi fulani. Kabla hujakitoa, usijiulize kina kilo ngapi tu. Jiulize nani ataifanya kazi hiyo kikishatoka.

Hatua ya 1: Kanuni, kisha mizani

Soma kanuni za daraja lako, yaani kundi la magari utakaloshindana nalo, kabla ya kushika spana. Madaraja mengi yana uzito wa chini unaoruhusiwa, na mara nyingi gari hupimwa dereva akiwa ndani, mara tu baada ya mbio. Angalia pia kama dashibodi lazima ibaki, kama vioo vya plastiki vinakubalika, na kama bampa zinaguswa. Ukipita chini ya kiwango utalazimika kufunga vyuma vya kuongeza uzito. Hilo si baya: kilo iliyotoka kwenye paa ikarudi sakafuni upande wa abiria ni faida tupu.

Pima kwa mizani minne, mmoja chini ya kila tairi, sakafu ikiwa sawa kabisa na upepo wa tairi umelingana. Dereva awe kitini (au mifuko ya mchanga yenye uzito wake), petroli nusu tangi. Andika namba ya kila kona. Petroli ina kama kilo 0.75 kwa lita, hivyo lita 40 ni kilo 30. Ukipima leo tangi likiwa tupu na kesho limejaa, namba zako hazina maana.

Hatua ya 2: Vinavyotoka kwa spana tu

Spea tairi, jeki na vifaa vyake: kilo 15 hadi 20. Siti ya nyuma: 12 hadi 20. Kapeti na sponji zake: 10 hadi 15, na ikiwa gari linavuja maji, zaidi ya hapo. Redio, spika, paneli za buti na vifuniko vya nguzo vitakupa kilo 8 hivi. Dari ya kitambaa ni nyepesi lakini itoe vilevile, kwa sababu sponji yake ikishika moto inamwaga moshi mzito juu ya kichwa cha dereva.

Siti za mbele za kiwandani zina kilo 15 hadi 25 kila moja. Siti moja ya mbio isiyokunjika ina kilo 6 hadi 8. Hapa ndipo fedha yako ya kwanza iende, maana unapata wepesi na unashikiliwa vizuri kwenye kona kwa bei moja.

Boliti za kila sehemu zikae kwenye mfuko wake wenye maandishi. Boliti za mikanda ya nyuma, zile nene za 7/16 zenye uzi laini, zirudishe kwenye matundu yake, la sivyo uzi utajaa rangi na kutu na utazihitaji siku ya kufunga mikanda mipya.

Gari likiwa na eabegi, toa betri na usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama huna kitabu, nusu saa inatosha. Usiijaribu kwa mita ya umeme hata kidogo. Ibebe uso wake ukitazama mbali nawe na uilaze uso juu. Tahadhari hiyohiyo ni kwa mikanda yenye baruti ya kujikaza.

Hatua ya 3: Lami ya sakafu

Chini ya kapeti utakuta mabamba ya lami yaliyobandikwa kuzuia kelele. Kwa gari dogo ni kilo 8 hadi 15, ziko chini kabisa, na ndiyo kazi inayowachosha watu. Njia safi ni barafu kavu, kilo 10 hadi 15 kwa sakafu nzima. Ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Lami ikifika huko inakuwa ngumu na kukatika kama kigae.

Vunja barafu vipande vidogo, tandaza juu ya bamba moja kwa dakika 10 hadi 15. Utasikia lami inaanza kulia na kupasuka yenyewe. Sukuma barafu kwenye bamba linalofuata, gonga lile la kwanza kwa nyundo ndogo, kisha chokoa kwa mkwanguo. Ukigonga ikabonyea badala ya kuvunjika, haijapoa, irudishie barafu. Kwenye kuta zilizosimama, tia barafu ndani ya kitambaa kizito na ukiegemeze hapo kwa kipande cha ubao.

Glovu nene ni lazima. Fungua milango yote, na usiingize kichwa sehemu ya miguu wakati barafu inafuka: hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya palepale chini. Wala usiihifadhi kwenye chombo kilichofungwa kabisa, kitapasuka.

Mabaki yanatoka kwa tapentaini na kitambaa. Kuwa macho na silanti ya viungio, ule mstari mwembamba wa mpira unaofuata mahali bati mbili zinapokutana. Inafanana na lami lakini ndiyo inayozuia maji. Ukiikwangua umepata gramu chache na kutu ya kudumu. Sakafu ikishakuwa safi, piga msasa, praima na rangi siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kiyoyozi kitoke, hita ibaki

Kompresa, kondensa, mabomba na kile kisanduku cha ndani ni kilo 12 hadi 20, nyingi zikiwa mbele ya ekseli ya mbele ambako hasa hutaki uzito. Gesi itolewe na fundi mwenye mashine ya kuikusanya. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 90 yalitumia R12 inayoharibu tabaka la ozoni, na gesi yoyote kati ya hizi inaunguza ngozi kwa baridi ikikurukia.

Kama kompresa ilizungushwa na mkanda mmoja na altaneta au pampu ya maji, utahitaji mkanda mfupi zaidi. Pitisha kamba kwenye puli zilizobaki, kikazio kikiwa katikati, ndiyo upime urefu. Hakikisha mkanda bado unaikumbatia puli ya pampu ya maji vizuri. Mkanda ukiigusa puli kwa ncha tu, utateleza kwenye mzunguko wa juu na injini itachemka.

Hita isitoke. Ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo siku ya mvua, na ikibidi inamwaga joto la injini. Anayeitoa kwa sababu daraja lake linaruhusu aunganishe mabomba yake mawili kwa hozi moja badala ya kuyaziba, kwani katika injini nyingi maji hupita huko thermostati inapokuwa imefunga.

Hatua ya 5: Milango na vioo

Mota na mitambo ya vioo ni kilo 3 hadi 4 kwa mlango. Lile bomba la chuma ndani ya mlango, linalokukinga ukigongwa ubavuni, liacheni, wakuu, mpaka keji yenye mabomba ya ubavuni iwe imechomelewa tayari. Utaratibu ni keji kwanza, kukata baadaye.

Kioo cha mbele cha tabaka mbili kibaki. Vingine vinaweza kuwa polikaboneti, ambayo kwa unene uleule ina nusu ya uzito wa kioo. Isiwe akriliki, hiyo inavunjika vipande vyenye ncha. Polikaboneti inatanuka kwa joto: kipande cha mita moja kinaongezeka karibu milimita 2.7 joto likipanda nyuzi 40. Kwa hiyo boliti ya milimita 5 ipewe tundu la 8, na washa ya mpira, isikazwe sana. Gundi ya kuzuia nati kulegea na petroli huipasua nyufa kuanzia kwenye tundu, kwa hiyo tumia nati zenye nailoni.

Hatua ya 6: Waya

Faida ni kilo 3 hadi 6 na maumivu ya kichwa ni mengi kuliko hapo. Usikate ukiwa ndani ya gari. Weka alama kila soketi, toa fungu zima ulitandaze, kisha fuata waya mmoja mmoja hadi mwisho wake. Ziache za pampu ya mafuta, kontroboksi (kompyuta ya injini), waipa, taa za breki na ardhi zote.

Mtego wa kawaida: kwenye magari mengi ya zamani, balbu ya alama ya betri kwenye dashibodi ndiyo inayoipa altaneta umeme wa kuanzia. Ukitoa geji zote, altaneta haichaji na betri inakufa katikati ya mbio. Funga balbu ya wati 2 au 3 mahali pake.

Hatua ya 7: Usitoboe ovyo

Tundu la milimita 50 kwenye bati la milimita 0.8 linatoa gramu 12 tu. Kilo moja ni matundu zaidi ya 80, na kila tundu ambalo halikusuguliwa kingo ni mwanzo wa ufa. Krosimemba (chuma kinachokatiza chini ya gari), mikono ya sospensheni na sehemu zinazoshika siti hazitobolewi kabisa.

Hatua ya 8: Ziba, pima upya, rekebisha

Siti ya nyuma ikitoka, mara nyingi hakuna kitu kati ya dereva na buti au tangi. Funga ukuta wa bati, alumini au chuma, ukazibe kingo zote.

Gari litanyanyuka. Ukitoa kilo 60 nyuma, na springi zako ni za kilo 2 kwa milimita kwenye kila tairi, mkia unapanda milimita 15. Pembe za tairi zinahama nazo, kwa hiyo alaimenti ifanywe upya baada ya mizani ya mwisho, dereva akiwa kitini.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, barafu kavu siipati. Kuna njia nyingine?

Mashine ya hewa moto na mkwanguo mpana. Pasha hadi lami ilainike, si hadi itoe moshi, uinyanyue ikiwa vipande vikubwa. Kabla ya kuwasha, chungulia chini ya gari ujue mabomba ya petroli na breki yanapita wapi. Grenda yenye brashi usiitumie, inayeyusha lami na kuipaka gari zima.

Swali: Naweza kufunga mikanda ya pointi nne kwenye matundu ya mikanda ya nyuma, pale sakafuni?

Kwa kawaida hapana. Mikanda ya mabega isishuke nyuma kwa zaidi ya nyuzi 45 kutoka usawa wa bega. Ikishuka zaidi, gari likigonga inakandamiza uti wa mgongo. Funga kwenye bomba la kukatiza la keji, karibu na usawa wa bega.

Swali: Tangu nitoe vitu vya nyuma na kuweka springi fupi, mkia unataka kunipita nikikanyaga breki. Pedi ni zilezile. Tatizo nini?

Angalia kama gari lako lina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti au springi ndogo. Vali hiyo inasoma urefu wa mkia: mkia ukiwa chini inadhani umepakia mzigo, inaruhusu breki nyingi nyuma. Wewe umepunguza uzito halafu ukaushusha mkia kwa springi, kwa hiyo umeidanganya mara mbili. Rekebisha kijiti kidogo kidogo, ukijaribu mahali pa wazi kwa mwendo mdogo, mpaka tairi za mbele zianze kufunga (kuacha kuzunguka) kabla ya za nyuma. Kama huna vali hiyo, weka ya kurekebisha kwa mkono kwenye bomba la nyuma. Daraja lako likikukataza, njia iliyobaki ni pedi za nyuma zenye msuguano mdogo.

Swali: Fundi, betri niihamishie nyuma?

Kuihamisha hakupunguzi uzito, kunaongeza. Waya wa shaba wa milimita 50 za mraba una karibu nusu kilo kwa mita bila kuhesabu mpira wake. Kwa gari la kuvuta mbele lenye asilimia 62 ya uzito mbele inaweza kufaa, mradi betri iwe kwenye boksi lililofungwa kwa boliti na fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na betri. Vinginevyo nunua betri ndogo na iache ilipo. Za lithiamu zina kilo 3 hadi 5 dhidi ya 12 hadi 18 za risasi.

Swali: Nimemaliza yote, lakini nikifunga vioo nasikia harufu ya ekzosi ndani. Ekzosi haivuji.

Kapeti na lami vilikuwa vimefunika matundu. Mtu akae ndani usiku na milango imefungwa, mwingine apitishe taa kali chini ya gari taratibu, kuanzia gamba la gia hadi buti. Panapoonekana mwanga pawekwe kizibo cha mpira au bati lenye silanti. Malizia na mpira wa mlango wa buti na mahali taa za nyuma zinapokaa, maana gari likienda hewa yenye moshi inazunguka nyuma na kuingilia hapo. Usiingie uwanjani kabla harufu haijaisha kabisa: gesi ya kaboni monoksidi yenyewe haina harufu, na dereva huanza kusinzia bila kujua sababu.