Hojaji ya Dakika Tano: Jinsi ya Kumfikia Mwanafunzi Kabla Hajaacha Chuo

Mwanafunzi wa chuo haagi. Hukosa Jumatatu moja, akakosa na ya pili, kisha simu yake haipatikani, na muhula mpya ukifunguliwa jina lake limebaki kwenye orodha bila mwenyewe. Nimekuwa mshauri wa wanafunzi katika vyuo vya kati hapa Nairobi kwa miaka mingi. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo tulikuwa tukijua fulani ameondoka siku tunapochapisha kadi za mtihani, zile za kumruhusu mwanafunzi kuingia kwenye mtihani, yaani tumeshachelewa kabisa.

Na hojaji tulikuwa nayo. Ilikuwa na maswali zaidi ya 40, ikigawiwa wiki ya mwisho ya muhula, bila majina. Majibu yalikuwa mazuri kila mara. Ilinichukua muda kuona kwamba wenye shida hawakuwa darasani siku ya kuijaza. Tulikuwa tunawauliza waliokwisha kuvuka mto kama maji ni mengi.

Utaratibu ninaoueleza hapa ndio tuliouanza baada ya kuiweka kando ile hojaji ndefu. Unafaa darasa moja na unafaa chuo kizima, na huhitaji kununua programu yoyote.

Hatua ya 1: Uliza wiki ya tatu

Wiki ya kwanza watu bado wanapanga foleni za usajili, na kila mmoja ana matumaini. Kufikia wiki ya tatu mwanafunzi ameshajua nauli ya wiki nzima inafika ngapi, ameshakaa na mwalimu wa hesabu mara kadhaa, na awamu ya kwanza ya karo imeshakomba akiba ya nyumbani. Jaribio la kwanza bado halijafanywa, kwa hiyo hajapata alama ya kumtia aibu. Huo ndio wakati anaosema ukweli, tena ungali na wiki za kutosha kumsaidia. Kwa walioingia Septemba, wiki hiyo huangukia karibu na mwanzo wa mvua za vuli, na mvua Nairobi ina mambo yake na nauli. Nitalirudia hilo.

Hatua ya 2: Tumia nambari ya usajili

Hapa wenzangu wengi hunipinga. Wanasema mwanafunzi hataandika ukweli akijua anajulikana. Ni kweli kwa swali kama "mwalimu wako anafundisha vizuri?" Swali la namna hiyo liwe kwenye hojaji nyingine, isiyo na jina, wakati mwingine. Lakini ukitaka kumzuia mtu asiondoke, lazima ujue ni nani. Karatasi isiyo na jina inayosema "wiki ijayo siji tena" itakunyima usingizi bure, maana hutajua pa kugonga.

Cha muhimu ni kusema wazi tangu mwanzo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani, na aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Usisahau wanaotoka kidato cha nne wakiwa na miaka 17. Fomu ya idhini waisaini siku ya kusajiliwa. Juu ya hojaji yetu tunaandika hivi:

"Majibu haya yatasomwa na ofisi ya ushauri pekee. Walimu wanaokusahihishia na ofisi ya karo hawatayaona. Tunauliza ili tukusaidie kumaliza kozi. Huna shida ukiruka swali lolote, na ukikataa kujaza hakuna adhabu."

Ukishaandika hivyo, itimize. Siku ofisi ya karo itakapoiona hiyo karatasi, hojaji yako imekufa, na haitafufuka kwa kundi lile.

Hatua ya 3: Andika maswali yasiyojibiwa kwa "niko sawa"

Tumelelewa kusema tuko sawa. Muulize kijana wa Kayole au Githurai habari yake, hata kama hajala tangu jana atakujibu "poa" au "tuko tu". Ndiyo maana swali la "Je, umeridhika na chuo?" halikupi kitu. Atazungushia 4 kati ya 5 kwa adabu, halafu Ijumaa aende zake.

Uliza vitu vinavyohesabika, au vinavyotajwa kwa jina. Sisi tunatumia maswali saba:

1. Wiki iliyopita ulikosa vipindi vingapi, na ni kwa sababu gani kubwa?
2. Ni somo gani linalokulemea zaidi sasa hivi?
3. Ukikwama kwenye somo hilo, unamuuliza nani?
4. Ukiacha wanafunzi wenzako, ni nani hapa chuoni anayekujua kwa jina?
5. Pesa za wiki hii za nauli na chakula zimetoka wapi: nyumbani, kazi yako, mkopo au basari, au bado hazijapatikana?
6. Muhula ujao utarudi: ndiyo, sina hakika, au hapana?
7. Ni jambo gani moja linaloweza kukufanya usirudi?

Swali la nne linaonekana dogo, lakini ndilo ninalolisoma kwanza. Mwaka 1975 msomi wa Marekani, Vincent Tinto, alieleza kwamba mwanafunzi hubaki chuoni kadiri anavyoshikamana nacho kimasomo na kijamii. Kwa lugha ya hapa kwetu: kuna mtu anayeona kiti chako kikiwa kitupu? Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, kozi ya umeme, aliandika pale: "Askari wa geti pekee." Somo alikuwa akilielewa, karo ilikuwa imelipwa. Darasani walikuwa wasichana wawili, na mwenzake alikuwa ameshaacha. Hakuna ripoti ya alama wala ya karo ambayo ingenionyesha kwamba huyu yumo hatarini.

La saba lina mistari mitatu mitupu. Mruhusu aandike kwa Kiswahili, Kiingereza au Sheng. Usimsahihishe.

Hatua ya 4: Ijazwe darasani

Usitume kiungo kwenye kikundi cha WhatsApp ukategemea bando za watu. Omba dakika kumi za mwanzo wa kipindi kinachohudhuriwa na wengi, mwalimu atoke nje, wenye simu za intaneti wajaze kwenye Google Forms kwa Wi-Fi ya chuo, na wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, wapewe karatasi. Karatasi ziwe nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, ili asiye na simu nzuri asione kama ametengwa peke yake.

Hatua ya 5: Anza na waliokaa kimya

Fungua jedwali la kompyuta. Safu ya kwanza iwe orodha nzima ya darasa kutoka kwa msajili. Usianze na orodha ya waliojibu. Kisha weka majibu mbele ya kila nambari. Nafasi zitakazobaki tupu ndizo kazi yako ya kwanza. Tuseme darasa lina watu 40 na waliojibu ni 29. Wengi watakimbilia kusoma yale majibu 29. Mimi nawapigia wale 11 kwanza, kwa sababu asiyekuwepo wiki ya tatu asubuhi ameshaanza kuondoka, hata kama yeye mwenyewe bado hajajiambia hivyo.

Baada yao, tia rangi nyekundu kwa yeyote aliyejibu "sina hakika" au "hapana" kwenye swali la sita, aliyekosa vipindi vitatu au zaidi, ambaye pesa zake hazijapatikana, au aliyeacha swali la nne wazi. Moja tu inatosha. Usitafute kanuni ya hesabu ya kuwapanga; kwa idadi hizi, kusoma kwa macho kunashinda.

Ukiulizwa wastani na mkuu wa chuo, mpe, lakini mweleze una nini ndani. Tuseme lile swali la kuridhika, la alama 1 hadi 5: darasa la watu 40 ambamo 30 wametoa 5 na 10 wametoa 1 lina wastani wa 4. Kwenye ripoti inapendeza. Ndani yake kuna watu 10 waliokuambia wanaumia.

Hatua ya 6: Piga simu ndani ya siku tatu

Usizidishe siku tatu. Mtu aliyekuandikia shida yake Jumanne anasubiri. Ukimfikia baada ya wiki mbili ameshajua hukusoma.

Apige mtu wa ofisi ya ushauri kwa simu ya ofisi, saa za mchana wa chakula au baada ya saa moja jioni, kwa sababu wengi wana vibarua. Wanafunzi wetu wakiona namba ya chuo hudhani wanadaiwa. Kwa hiyo sentensi ya pili baada ya salamu iwe: "Sikupigii kwa sababu ya karo." Mara nyingi husikia mtu akishusha pumzi. Kisha: "Nimesoma ulichoandika. Niambie zaidi." Halafu nyamaza. Usitoe ushauri kabla hajamaliza.

Uwe na vitu halisi mkononi: fomu ya kulipa karo kwa awamu ambayo msajili ameshaikubali, tarehe za maombi ya mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu), utaratibu wa basari ya NG-CDF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge) katika eneo bunge lake, jina na saa za mwalimu wa hesabu anayefundisha vikundi vidogo. Ukipiga simu mikono mitupu, umemwongezea mtu uchungu. Kwa yule msichana wa umeme, tulichofanya ni kumkutanisha na fundi mwanamke wa mwaka wa mwisho kwenye karakana, Alhamisi mchana. Wakawa wanakula pamoja.

Hatua ya 7: Tafuta kinachogusa wengi

Simu humsaidia mmoja mmoja. Majibu ya swali la kwanza na la saba ukiyasoma kwa pamoja yatakuonyesha jambo ambalo chuo chenyewe ndicho kinachokosea.

Kwetu lilikuwa ratiba. Watu walikuwa wakiandika "nauli", nasi tukilichukulia kuwa jambo la umaskini, lisilo mikononi mwetu. Tulipoiweka ratiba pembeni ya majibu, tukaona darasa moja linakuja siku tano, na siku mbili kati ya hizo ni kwa kipindi kimoja tu. Kingine kilikuwa kinaisha jioni, saa ambayo kila mtu yuko steji. Mvua ikinyesha, makanga wa matatu za Rongai anataja bei nyingine kabisa. Piga hesabu: nauli ikiwa shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, siku tano ni 1,000 kwa wiki. Vipindi vilevile vikipangwa kwa siku tatu ni 600. Kwa muhula wa wiki 12, mwanafunzi anabaki na shilingi 4,800, na chuo hakijatoa hata senti. Kilichohitajika ni mtu wa ratiba akubali kukaa nasi alasiri moja, na walimu wawili wabadilishane siku.

Hatua ya 8: Rudisha majibu

Kabla ya wiki ya sita, bandika karatasi moja kwenye ubao wa matangazo na uitume kwa wawakilishi wa madarasa. Iwe na sehemu tatu: mlituambia nini, tumefanya nini, na nini hatuwezi kufanya na kwa sababu gani. Usiiruke hiyo ya tatu. Wanafunzi wanavumilia "hatuna pesa za hosteli mwaka huu". Kimya hawakivumilii, na muhula ujao hawatajaza chochote. Angalia tu lisiwepo jibu linaloweza kumtambulisha mtu.

Hatua ya 9: Wiki ya nane, kisha hesabu

Wiki ya nane rudia maswali mawili tu, la tano na la sita, kwa wale uliowatia nyekundu. Hapo ndipo salio la karo na kadi ya mtihani vinapogongana, na anayeyumba huyumba kwa mara ya pili.

Muhula mpya ukifunguliwa, chukua kundi lililoingia pamoja na uhesabu waliorudi. Waondoe waliohitimu, na usiwaite walioacha wale walio kwenye mafunzo kazini au walioahirisha kwa barua. Linganisha kundi na kundi lililoingia mwezi uleule mwaka uliotangulia, maana wa Januari na wa Septemba hawafanani.

Wasiorudi wapigie wote, hata kama ni mara moja tu. Waulize swali moja: "Ni wiki gani uliamua?" Andika jibu kwenye safu ya mwisho ya jedwali lako. Kabla hujakata simu, mwambie nambari yake ya usajili bado ipo, na umtajie tarehe ya usajili unaofuata.