Muflisi ni mtu au kampuni? Anza na cheti cha BRELA
Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, akija na madeni asiyoweza kulipa, msaidizi wa kisheria aombe kwanza cheti cha BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Kikiwa cha jina la biashara tu, mdaiwa ni yeye mwenyewe, na mali zake binafsi zimo: Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, Mahakama Kuu. Kikiwa cha kampuni, sura hiyo haihusiki. Fungua Sheria ya Makampuni, Sura ya 212. Uliza pia kama mkurugenzi alisaini udhamini binafsi, yaani ahadi ya kulipa deni la kampuni yeye mwenyewe.

Mdai mwenye dhamana, yaani mali ya mdaiwa iliyowekwa rehani kwake, mathalani injini ya mtumbwi, mwandike kando na wadai wengine. Akileta ombi la kumfilisi mdaiwa chini ya Sura ya 25, lazima aseme anaiachia dhamana hiyo kwa faida ya wadai wote, au ataje thamani yake. Deni linalozidi thamani hiyo ndilo linalohesabiwa.