Jinsi ya kupata kile kitabu cha mashujaa ulichosoma ukiwa praimari

Kuna kitabu kimekukaa kichwani tangu darasa la tano, cha vita vya zamani, jina ushasahau na kava hata hukuiona juu kilifika kwa dawati yenu kikiwa kimeshachanika. Changu nilikitafuta miaka mingi sana na nilipokishika mkononi pale soko la Kibuye, Kisumu, machozi yalinitoka, kwa hivyo wacha niwaambie nilivyofanya.

Kabla hujauliza mtu yeyote, chukua daftari uandike kila kitu unachokumbuka, hata kama ni picha ya mtoto amebeba kibuyu tu. Ukianza kwa kuuliza watu watakujazia vyao na hutajua tena chako ni kipi. Halafu tenga kile ulichosoma na kile ulichosimuliwa. Mimi miaka yote nilijua Luanda Magere, yule mwenye mwili wa jiwe aliyeuawa kwa kuchomwa kivuli mkuki, yuko kwa hicho kitabu, kumbe hiyo nilisikia jikoni kwa dani, yaani nyanya yangu.

Sasa hapa ndio kazi iko: tumia historia kujua hadithi ni ya lini. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo wazungu wakapaita Port Florence, na Koitalel arap Samoei akauawa tarehe 19 Oktoba 1905 akiwa ameitwa kwa mazungumzo ya amani, so kama kwa kitabu chako gari moshi linapita na Koitalel bado anaongoza Wanandi, ushajua ni hiyo miaka minne katikati. Kama adui ni Wajerumani na watu wanapewa maji ya dawa, hiyo ni Maji Maji, 1905 hadi 1907, anza na vitabu vya Tanzania. Kama watu wako msituni na kuna hali ya hatari, hiyo ni Mau Mau, kuanzia 1952. Muuzaji atakuelewa haraka ukimwambia hivyo kuliko "kile cha kijani kijani."

Nenda laibrari ya taifa, Kisumu iko na Nakuru iko, na uulize yule mama ama mzee aliyekaa hapo miaka mingi, usiishie kwa kompyuta. Wauza vitabu vya mitumba pia, fika mapema, chutama, fungua kimoja kimoja maana vya zamani havina kava na kinachokuonyesha ni muhuri wa shule ndani. Na sanduku la bati la nyumbani, tafadhali, kabla mchwa.

Ukikipata usibandike selotepu, inageuka manjano na inaharibu karatasi, shona na sindano na uzi. Kurasa zikikosa ziandike kwa mkono. Changu kilikosa nne za mwisho, nikampigia deskimeti wangu wa zamani yuko Kakamega, tukazijenga kwa simu sentensi moja moja mpaka kredo ikaisha, akanipigia yeye tukamaliza.